Matuta, bwawa na samaki asiyetajwa: uzi mfupi

1/ Nzoia ikifurika Budalang'i, mjadala huwa ni ule ule: tuta liinuliwe au bwawa lijengwe kule juu. Sipingi. Familia zikilala shuleni na vyombo vyao, lazima kitu kifanyike. Ila kuna mtu wa tatu kwenye hii hesabu: samaki.

2/ Mchukue ningu. Anapatikana bonde la Ziwa Victoria pekee. Anaishi ziwani, lakini kuzaa anazalia mtoni. Mvua ikijaza Nzoia, Yala au Sondu Miriu, anapanda na kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Maji yakishuka, vifaranga wanashuka nayo.

3/ Yaani yale maji tunayoyakimbia ndiyo wodi yake ya kujifungulia. Tuta likitenganisha mto na uwanda, wodi imefungwa.

4/ Bwawa linamuumiza mara mbili. Ukuta unamzuia kupanda. Pia linashika maji ya mvua na kuyaachilia kidogo kidogo, kwa hivyo mto chini haujai kwa ghafla. Kujaa huko ndiko humwambia wakati umefika.

5/ Mfano uko karibu. Mtambo wa Sondu Miriu, megawati 60, huchepusha maji kupitia handaki la takriban kilomita 6. Umeme tunao, sawa. Lakini kipande cha mto kilichorukwa hutegemea maji yaliyoachwa kipite nayo.

6/ "Si ni nyavu zilimmaliza?" Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Tangu miaka ya 1950 zilitegwa midomoni mwa mito, akinaswa na mayai tumboni. Leo yuko hatarini kabisa kutoweka. Ndiyo maana hao wachache waliobaki hawawezi kufungiwa njia.

7/ Hili si ombi la huruma. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua kiasi cha maji cha kutengewa mahitaji ya msingi ya watu na viumbe wa majini.

8/ Basi ukiahidiwa tuta au bwawa, uliza:
– Kiangazi, mto utabaki na maji kiasi gani?
– Masika ikianza, mtaachilia maji ya kutosha samaki apande?
– Atapitia wapi?
– Tuta haliwezi kusogezwa mbali na mto, maji yapate pa kutanda?

Majibu yadai kabla ya tingatinga kufika. Zege likishakauka, hakuna wa kukusikiliza.