Doa la Wino na Tabia ya Mtu

Picha za mafumbo zinapita mikononi mwa vijana wetu, hata huku Kalengera, kwenye njia ya Goma na Rutshuru. Picha ni moja, vitu ni viwili, na chini yake imeandikwa: ukiona bata kwanza, wewe ni mpole; ukiona sungura, wewe ni mwerevu. Wakatekista wanatuuliza kama ni kweli. Waseminari wengine wanaogopa kwamba wakubwa wao watawapima hivyo. Basi yafaa tueleze.

Hermann Rorschach, daktari wa Uswisi, aliwatunza wagonjwa wa akili mjini Herisau. Mwaka 1921 alitoa kitabu pamoja na madoa 10 ya wino, akafa mwaka uliofuata, akiwa na miaka 37. Yeye hakutafuta tu jina la kitu kilichoonwa. Alitazama zaidi namna ya kuona: je, mtu ameshika doa zima ao pembe ndogo tu? Ameongozwa na umbo ao na rangi? Tena majibu ya madoa yote yalipimwa pamoja. Na hata hivyo wataalamu wangali wanabishana juu ya nguvu ya kipimo hicho. Picha moja ya bata haiwezi kufanya kazi ambayo madoa 10 yanaifanya kwa shida.

Picha hiyo ya bata na sungura iliwahi kuonyeshwa kwa watu mlangoni mwa bustani ya wanyama ya Zürich. Siku ya Pasaka wengi waliona sungura. Mwezi wa Oktoba wengi waliona ndege. Kwa desturi ya huko, sungura ndiye mwenye kuleta mayai ya Pasaka. Tabia za watu wa Zürich hazikugeuka kati ya Pasaka na Oktoba! Kalenda ndiyo iliyogeuka.

Katika Kongo yetu, Profesa André Ombredane alijaribu njia nyingine: kumwonyesha mtu picha na kumwomba atunge hadithi. Wamarekani walikuwa na picha zao tangu 1935. Yeye aliona hazifai hapa, akatumia picha za maisha ya Kiafrika. Kitabu chake cha 1954 kilitangaza uchunguzi wa akili ya Weusi wa Kongo, kana kwamba sisi sote tuna akili moja. Hilo tunamwachia mwenyewe. Lakini jambo kubwa alilishika: mtu huona kwa vitu alivyovizoea.

Na kwa vitu vilivyompata. Wingu jekundu likionekana usiku juu ya Nyiragongo, mgeni husifu uzuri. Aliyekimbia Goma tarehe 17 Januari 2002 ao 22 Mei 2021 hutafuta watoto wake. Mtoto aliyetoka vitani akiona askari ndani ya doa, tusiandike kwamba ni mkali. Tumuulize polepole yaliyompata.

Kanisa limesema juu ya mambo haya. Maelekezo ya Roma ya tarehe 29 Juni 2008 yanakubali msaada wa mtaalamu wa psikolojia pale unapohitajiwa, lakini walezi wenyewe wasishike vipimo vya kitaalamu, na kijana akubali kwanza, kwa hiari, akijua anachokubali. Akikataa, asilazimishwe kwa njia yoyote. Walezi waendelee kwa busara na yale wanayoyajua tayari juu yake.