Kurekebisha Kigurudumu cha Mshipi ili Usitatane Wakati wa Kutupa



Katika Wilaya za Kibaha na Kisarawe wako wakulima ambao, kazi za shambani zikipungua, huenda kuvua ili kupata kitoweo. Mto Ruvu, upitao Wilaya ya Kibaha kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo, una kambale na perege. Mvuvi aliyezoea mshipi wa mkono, uliozungushiwa kopo au kipande cha mti, akipata fimbo yenye kigurudumu, huenda akaitupa pembeni baada ya siku mbili, akisema kwamba ni mbovu kwa kuwa kila akitupa chambo mshipi hujifunga mafundo. Makala hii yaeleza kwamba aghalabu chombo hicho si kibovu, hakijarekebishwa tu.

Sababu ya kutatana

Tunazungumzia kigurudumu kinachokaa juu ya fimbo na ambacho chenyewe huzunguka mshipi unapotoka. Chambo kikirushwa, huuvuta mshipi, na mshipi hukizungusha kigurudumu kwa kasi kubwa. Punde chambo hupunguza mwendo kwa kuzuiwa na hewa, kisha huanguka majini na kusimama. Kigurudumu hakisimami papo hapo. Ni kama baiskeli iliyopinduliwa: ukizungusha pedali kisha ukaiacha, gurudumu la nyuma laendelea kuzunguka. Hivyo mshipi hutolewa bila ya kuwa na pa kwenda, nao hurundikana na kujifunga.

Kwa hiyo kazi yote ya kurekebisha ina shabaha moja: kigurudumu kisizunguke kwa kasi kuliko mshipi unavyoondoka.

Vidhibiti vitatu

Cha kwanza ni skrubu iliyo ubavuni, kwa kawaida upande wa mkono wa kuzungushia. Hiyo hubana ncha za mhimili wa kigurudumu. Cha pili ni breki ya kutupia, iliyopo katika aina nyingi, upande wa pili. Breki nyingine hutumia vipande vidogo vinavyosukumwa nje na mzunguko na kusugua ukingo. Nyingine hutumia sumaku, ambazo hupunguza kasi bila ya kugusa kigurudumu. Cha tatu ni dole gumba la mvuvi mwenyewe.

Mwanachama asichanganye hivi na kile kidude chenye umbo la nyota kilicho karibu na mkono wa kuzungushia. Kazi yake ni kurekebisha ukinzani wa kigurudumu samaki anapouvuta mshipi. Kukikaza hakuzuii mafundo wakati wa kutupa.

Namna ya kurekebisha

1. Jaza mshipi, lakini uache nafasi ya kama milimita 3 kutoka ukingo wa kigurudumu. Mshipi uliojaa kupita kiasi hulegea upesi.

2. Funga chambo na chubwi, yaani kile kipande cha risasi cha kuuzamisha mshipi, vya uzito ule ule utakaotumia.

3. Simama mahali pakavu, uinue fimbo, kisha ubonyeze kitufe cha kufungulia huku ukizuia kwa dole gumba. Inua dole. Chambo kikianguka kwa kasi, kaza skrubu ya ubavuni, kisiposhuka, ilegeze. Kipimo kizuri ni hiki: chambo kishuke polepole, na kikigusa ardhi kigurudumu kisimame, au kizunguke kidogo tu.

4. Weka breki ya kutupia karibu na mwisho wa nguvu zake. Jaribu kutupa mara kadhaa uwanjani, bila ndoana, kwa mwendo wa taratibu. Usipoona mafundo, punguza breki kidogo kidogo.

5. Wakati wa kutupa, dole gumba liguse mshipi kwa wepesi, na likisimamishe kigurudumu mara tu chambo kinapofika majini.

Kila ukibadili uzito wa chambo, rudia hatua ya tatu. Chambo chepesi, au upepo unaokuja usoni, hudai breki zaidi.

Mshipi ukishatatana

Usiuvute kwa nguvu, maana fundo litakaza. Kandamiza mshipi kwa dole gumba, zungusha mkono mara chache, kisha ulegeze na kuuvuta taratibu. Mara nyingi vitanzi hufunguka. Ukilazimika kukata, chukua vipande vyote vya nailoni uvitie katika shimo la taka. Nailoni haiozi upesi, na hunasa miguu ya ndege.

Jambo lililo kubwa kuliko mshipi

Ruvu ina mamba na viboko. Faida kubwa ya fimbo hii ni kwamba mvuvi aweza kufikisha chambo mbali akiwa amesimama nchi kavu, nyuma ya ukingo. Lakini mshipi ukitatana hewani, chambo huanguka karibu, kwenye matete na visiki, na hukwama. Hapo ndipo mtu hushawishika kuingia majini kukinasua. Asiingie kamwe. Aukate mshipi. Ndoana na chubwi hununuliwa tena. Uhai wa mwanachama haununuliwi.

Wajibu wa Katibu

Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Kwa hiyo Katibu awaelekeze wanachama kwa Afisa Uvuvi wa Wilaya kuhusu leseni kabla ya kwenda mtoni. Ikiwa chama kina fimbo ya pamoja, iandikwe katika daftari la mali, na kijikaratasi kifungwe juu yake kuonyesha uzito wa chubwi iliyorekebishiwa. Anayeipokea aijaribu kwanza nchi kavu. Inafaa maelezo haya yasomwe katika mkutano wa wanachama, na chombo chenyewe kiwepo mezani.