Kolwezi: Gari ya umeme ama ya esanse? Hesabu inaanzia kwenye prizi ya nyumbani

Shaba na kobalti zinazoingia katika batri za gari za umeme duniani zinachimbwa kwa wingi katika jimbo la Lualaba. Hata hivyo, katika komini ya Manika, mjini Kolwezi, gari karibu zote zinazopita barabarani zinatumia esanse ama mazutu. Je, gari ya umeme ingemfaa mkaaji wa hapa, ama esanse bado ndiyo njia ya hakika?

Gari yenyewe haitoi jibu peke yake. Ile ya umeme ina faida nyingi, lakini karibu zote zinategemea umeme kufika nyumbani kila siku, kwa saa zinazojulikana.

Mahali umeme unashinda

Mota ya umeme inageuza kuwa mwendo zaidi ya robo tatu ya nishati inayopewa. Injini ya esanse inabaki na karibu robo tu; sehemu kubwa inapotea kama joto. Ndiyo maana kilomita moja ya gari ya umeme inakula nishati kidogo zaidi.

Matengenezo nayo yanapungua. Hakuna mafuta ya injini ya kubadilisha, hakuna buji, na vipande vinavyosuguana ni vichache. Hata breki zinadumu zaidi, kwa sababu mota yenyewe inasaidia kupunguza mwendo.

Kuna pia suala la hewa. Katika nchi zinazozalisha umeme kwa makaa ya mawe, moshi unatoka kwenye mtambo badala ya kutoka kwenye gari. Kongo ni tofauti, kwani karibu umeme wake wote unatoka kwenye maji. Mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa miaka ya 1950, yako kwenye mto Lualaba, karibu na Kolwezi. Gari inayochajiwa kwa umeme huo haichomi mafuta popote.

Tena, esanse yote inayouzwa Kolwezi imetoka ng'ambo. Kongo inachimba mafuta ghafi huko Muanda, lakini esanse inayotumika nchini inaagizwa kutoka nje. Kwa upande wa kusini, mafuta yanafika kwa malori kupitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa. Malori yakichelewa, vituo vinakauka na bei ya bidoni barabarani inapanda. Umeme wa Nzilo hauvuki mpaka wowote.

Mahali esanse bado inashika

Lakini umeme huo lazima ufike kwenye prizi. Gari ndogo ya umeme inatumia kama kilowati-saa 15 kwa kilomita 100. Prizi ya kawaida ya volti 220 na amperi 10 inatoa kilowati 2.2. Kupata kilomita 100 kunahitaji basi saa 7 hadi 8 bila kukatika. Dereva wa taksi anayetembea kilomita 200 kwa siku angehitaji saa 15 hivi, na hapo gari haifanyi kazi.

Delestaje inaharibu hesabu hiyo. Kolwezi ndipo inapoishia laini kubwa ya umeme kutoka Inga, yenye urefu wa kilomita karibu 1,700, iliyojengwa kwa ajili ya migodi na kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata kwa laini hiyo, makampuni ya migodi yananunua umeme kutoka nchi jirani na kuwasha jenereta za mazutu. Katika nchi nzima, ni raia karibu wawili tu kati ya kumi wanaopata umeme.

Je, jenereta ya nyumbani inaweza kusaidia? Jenereta ndogo inakula karibu nusu lita ya esanse kwa kila kilowati-saa. Kwa kilomita 100, ni lita 7 ama 8, sawa na gari ndogo ya esanse yenyewe. Anayechaji hivyo amelipa bei ya gari ya umeme, na bado ananunua esanse ileile.

Safari ndefu ni kizuizi kingine. Kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi ni kilomita karibu 300. Batri inayoandikwa kilomita 300 inatoa pungufu gari ikibeba mzigo ama klimatizeri ikiwashwa, hivyo ingebidi kuchaji Fungurume ama Likasi. Esanse inajazwa kwa dakika tano.

Mwishoni kuna fundi na bei. Kila mtaa una mtu anayejua kufungua injini ya Toyota ya mtumba. Batri ya gari ya umeme inabeba mamia ya volti, na asiyefundishwa akiigusa anaweza kufa. Ndiyo kipande cha bei kali kuliko vyote, na nguvu yake inapungua kwa miaka. Anayenunua gari ya umeme ya mtumba bila kupimisha batri anaweza kununua hasara.

Chaguo la mbali, chakula cha hapa

Mwaka 2024, gari za umeme zaidi ya milioni 17 ziliuzwa duniani, zaidi ya gari moja kati ya kila tano mpya. Kila moja inatumia shaba zaidi ya mara mbili ya ile ya gari ya esanse. Hiyo ni habari njema kwa Lualaba.

Kwa kobalti, habari imechanganyika. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, lakini karibu nusu ya batri za gari zilizouzwa mwaka 2024 ni za chuma na fosfati, zisizo na kobalti kabisa. Bei iliposhuka sana, Kinshasa ilisimamisha uuzaji nje tarehe 22 Februari 2025. Toka 16 Oktoba 2025 imeweka viwango: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na kiasi hichohicho kwa 2027. Aina ya batri anayochagua mnunuzi wa China inafika hadi kwenye mizani ya Musompo, ambako wachimbaji wa mikono wanauza mawe yao.

Na mawe hayo yana gharama. Juni 2019, watu zaidi ya 40 walikufa mashimo yalipoporomoka katika eneo la mgodi wa KCC. Mwaka 2018, utafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven ulikuta kobalti nyingi mwilini mwa watoto wa Kasulo. Kutotoa moshi hakuitoshi gari kuitwa safi.

Nani aanze?

Ethiopia, yenye umeme mwingi wa maji, ilizuia mwaka 2024 kuingiza gari za kibinafsi za esanse na mazutu. Kigali, toka Januari 2025, pikipiki mpya za taksi lazima ziwe za umeme. Dereva anaacha kituoni batri iliyoisha na kuchukua iliyojaa, hasubiri kuchaji.

Kwa Manika, njia hiyo inaeleweka: pikipiki, na mabasi ya migodi yanayolala sehemu moja kila usiku, ambako umeme ni wa hakika. Kwa familia yenye paneli za jua na inayotembea mjini tu, hesabu inaanza kukubali pia. Paneli za kilowati 3 zinaweza kutoa kilowati-saa 12 siku ya jua kali, yaani kilomita 80.

Dereva wa taksi asiye na hivyo vyote abaki na esanse kwa sasa. Anayesitasita aandike kwa wiki mbili saa ambazo umeme ulikuwepo nyumbani kwake usiku. Zikiwa chini ya saa saba, gari ya umeme itamsimamisha njiani, hata kama shaba yake ilitoka Kolwezi.