Maombi au bahati? Swali la mama wa Buhene



Siku ya posho iliyopita kikao chetu kilianza kama kawaida. Tuliimba, tukaomba, kisha tukatoa nafasi kwa ushuhuda. Mama mmoja anayeuza sambaza akasimama. Alitukumbusha usiku wa 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipopasuka na anga yote upande wa kaskazini ikawa nyekundu. Alisema yeye alipiga magoti pamoja na watoto wake, akamwomba Mungu auzuie ule moto. Kulipokucha, nyumba yake ilikuwa imesimama. "Maombi yangu yalisikiwa," akasema. Tukapiga makofi na vigelegele.

Makofi hayajaisha, mama mwingine akainua mkono. Huyu anauza makala, na anapanga chumba kimoja katika kartie yetu. Kabla ya usiku ule alikuwa na nyumba ya mbao katika parseli yake mwenyewe, kule Buhene. Akauliza kwa sauti ya chini: "Dada yangu, na mimi niliomba. Ni wapi niliomba vibaya?"

Hakuna aliyemjibu. Tulifunga kikao mapema, na juma lote tumekuwa na swali hilo moyoni. Tunaliandika hapa kwa sababu si lake peke yake.

Tuanze na yale tunayoyajua. Mwaka 2021 mto wa moto ulisimama Buhene, ukingoni mwa mji, kabla ya kufika uwanja wa ndege na katikati ya Goma. Maelfu ya nyumba ziliteketea huko juu, na sisi wa huku chini tukabaki na zetu. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka usiku na mchana. Siku ya ine, 27 Mei, serikali ikaamuru kartie 10 za mji zihame, na watu wakajaa barabara ya Sake na njia za Rwanda. Wataalamu walipopima ardhi baadaye, walieleza kwamba uji wa moto ulikuwa umepita chini ya mji wetu hadi chini ya Ziwa Kivu, bila kutoka juu. Ulikuwa chini ya miguu yetu.

Basi ni maombi yaliyouzuia? Wengi wetu tunaamini hivyo, na hatuoni haya kumshukuru Mungu. Lakini wale tuliokuwa hapa tarehe 17 Januari 2002 tunakumbuka jambo lingine. Mwaka ule nyufa zilifunguka hadi karibu na mji, moto ukapita katikati ya Goma na kuingia ziwani. Kanisa kuu la Wakatoliki lenyewe, nyumba ya sala, liliteketea. Nani atathubutu kusema kwamba watu wa 2002 hawakujua kuomba?

Wakristo kati yetu wanajua habari ya mnara wa Siloamu katika Injili ya Luka. Mnara ulianguka ukaua watu 18, na Yesu akakataa kabisa kwamba hao walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Dada zetu Waislamu nao wametukumbusha mafundisho ya Mtume kwa yule mtu wa ngamia: kwanza mfunge ngamia wako, ndipo umtegemee Mungu. Dini zetu zenyewe, basi, hazisemi kwamba anayeomba sana ndiye atakayepata, na aliyepoteza hakuomba.

Kwa nini tunalisema hili kwa mkazo? Kwa sababu mawazo hayo yana matunda machungu, na tumeyaona hapa hapa. Mjane anaambiwa mume wake alikufa kwa sababu ya dhambi iliyofichwa. Mtoto wa kufikia anaitwa mchawi kwa sababu biashara ya nyumbani imeanguka. Mama anatoa pesa ya shule kwa mtu aliyemwahidi muujiza, na muujiza usipokuja anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo.

Wale wanaosema ni bahati tu nao wana matunda yao. Vijana wetu wanamaliza pesa kwa kubashiri mipira, wakingoja siku yao ifike. Na kuna neno baya zaidi: mkosi. Tukishasema mtu ana mkosi, tunamkimbia kana kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza.

Hapa tunapaswa kuungama. Mama yule wa makala alikuwa na deni katika sanduku letu la akiba, na kwa miezi miwili hakulipa. Kabla ya kikao, baadhi yetu katika kamati tulikuwa tumeanza kusemezana: "Huyu ana mkosi, tukimwongezea pesa itapotea." Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefika kwake kuuliza. Tulipofika tulimkuta na mtoto aliyetoka hospitali. Pesa ya makala ndiyo iliyonunua dawa. Huo ndio mkosi wote tulioukuta.

Tulikaa naye hadi jioni, akatusimulia usiku ule wa Buhene. Alikuwa chumbani na watoto wake wanne, wamepiga magoti, aliposikia sufuria ikigongwa kwa nguvu mlangoni. Alikuwa kijana wa jirani, ambaye hata hawakuzoea kusalimiana. Alipita mlango kwa mlango akipaza sauti: "Tokeni! Unakuja!" Mama akabeba mdogo mgongoni, wakubwa wakashikana mikono, wakatoka bila viatu. Nyumba ya pili kulikuwa na mzee asiyesikia vizuri. Kijana yule akampandisha kwenye chukudu na kumsukuma hadi barabarani.

"Nilikuwa bado ninaomba alipogonga," alituambia. "Kama ningengoja hadi nimalize, tusingekuwa hapa."

Tukamuuliza: "Basi ile hodi ndiyo iliyokuwa jibu la maombi yako?"

Akafikiri kidogo. "Mimi sijui. Anayeamini aseme ni Mungu, mwingine aseme ni bahati. Ninachojua ni kwamba yule kijana angeweza kukimbia peke yake."

Wamama, hapo ndipo swali letu limefikia. Kujibiwa au kutojibiwa hatuwezi kupima. Hata likirimba yetu inatufundisha. Kabla ya kuvuta vikaratasi vya zamu tunaomba, kisha mmoja anapata namba ya kwanza na mwingine ya mwisho. Hakuna anayesema wa mwisho ana dhambi. Na pesa anayoipokea yule wa kwanza haikutoka katika kikaratasi. Ilitoka katika mikono ya wenzake waliofika na mchango wao. Baraka nyingi tulizozipata maishani zilipita katika mikono ya mtu.

Kwa hiyo kamati imekata maneno haya. Mama wa makala ameongezewa miezi mitatu ya kulipa deni, na mfuko wa huruma umemnunulia gunia moja la makala aanze tena. Ushuhuda utaendelea katika vikao vyetu, kwa sababu furaha ya mtu ni haki yake. Lakini baada ya kila ushuhuda tutauliza pia: nani kati yetu amepoteza kitu juma hili? Na kila avenyu itaandika majina ya wazee, wagonjwa, wenye ulemavu na wamama waliojifungua, na mbele ya kila jina, jina la yule atakayegonga mlango wake siku ya hatari. Mlima ungali pale, na hakuna anayejua siku yake.

Muuza sambaza naye hakubaki kando. Siku ya pili alikwenda kwa mwenzake na kifurushi cha samaki. "Sikusema ili nikuumize," alimwambia. "Ni furaha tu." Walikula pamoja. Sasa yeye ndiye wa kwanza katika orodha ya avenyu yake, na jina aliloandikiwa ni la mama wa makala.

Siku ya posho ijayo, kila mmoja aje na jina la jirani mmoja. Tutaomba kama kawaida, kisha tutaandika.