Kuunga, Kuchepusha na Kuhami Nyaya za Umeme

Maelekezo ya usalama wa umeme yanamtaka mfasiri awe na uangalifu kuliko barua nyingi za ofisini, kwa kuwa msomaji wake hutenda kama alivyoambiwa. Tuchukue mfano wa migodi midogo ya Kanda ya Ziwa, kuanzia Geita hadi Kishapu, wilaya ambayo almasi ilianza kuchimbwa huko Mwadui mwaka 1940. Pampu hushushwa duarani kunyonya maji, na karasha husimama juu. Waya huungwa na kuungwa tena ili ufike kote, na kiungo kimoja huweza kuangukia majini.

Katika mazingira hayo agizo kama "funga kiungo kwa tepu" lina kasoro mbili.

Kwanza, halisemi ni kiungo gani. Fundi anazo aina mbili. Kuunga ni kukutanisha ncha za nyaya mbili ziwe waya mmoja. Katika aina ya pili waya mkuu haukatwi. Ganda lake humenywa katikati, na shaba ya waya mwingine huzungushiwa hapo ili umeme upate njia ya pembeni. Kitendo hiki tunapendekeza kiitwe kuchepusha, kwani mkulima anayechepusha maji ya mto anajua kuwa mto wenyewe unaendelea. Wako wanaopenda neno tawi. Hatulikatai, ila linataja kitu kilichotoka, halitaji kitendo. Kuzitofautisha aina hizi kuna faida: penye mchepuo pana pembe ambamo tepu haikai vizuri, na hapo shaba huweza kubaki wazi.

Pili, neno kufunga ni pana mno. Aliyefunga kiungo kwa kitambaa au mfuko wa nailoni atadai, kwa haki kabisa, kwamba ametii agizo. Kuhami ni kuzuia umeme usipite, na neno kihami limo tayari katika masomo ya fizikia ya shule zetu. Basi mfasiri angeandika hivi:

"Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha hakikisha kwa kipimo kuwa waya hauna umeme. Unga shaba kwa shaba mpaka kiungo kisicheze. Hami kiungo: anza juu ya ganda zima la upande mmoja, zungusha tepu ya umeme ukiivuta, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, mpaka ufike juu ya ganda zima la upande wa pili."

Sharti la kiungo kutocheza lisiachwe. Kiungo kilegevu huongeza ukinzani, hupata joto, na joto huharibu kihami hata kama tepu ilizungushwa vyema. Kwa kiungo cha pampu inayozama, tepu ya kawaida haitoshi. Patajwe kihami kisichoingiza maji, kwa mfano neli yenye gundi ndani, inayosinyaa ikipashwa moto.

Neno tepu lenyewe tumeliacha makusudi. Utepe ni Kiswahili safi, lakini fundi wa Maganzo akiagizwa dukani kununua utepe huenda akarudi na wa kufungia zawadi.