MATATU NA MANNE: KISWAHILI CHA MTOTO GARINI

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba hata kukosea ngeli si ujinga, hasa kwa mtoto wa miaka mitatu. Kila asubuhi humpeleka ndugu yangu nasari kabla ya kuja shuleni. Tunapanda matatu katika Barabara ya Jogoo, nami humpakata ili asilipiwe nauli. Humo garini nimesikia maneno ya kuvunja mbavu, na leo nataka kueleza yanatoka wapi.

Siku moja aliniuliza, "Dada, hii ni matatu?"

"Ndiyo."

"Na manne iko wapi?"

Abiria waliangua kicheko. Lakini hebu fikiria! Nasari walikuwa wakifundishwa kuhesabu, naye akaona kwamba penye tatu sharti nne ifuate. Wala hakuwa mbali na ukweli, maana inasemekana jina matatu lilitokana na nauli ya zamani, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi.

Juma lililofuata alitangaza, "Leo kanga ni mmoja tu!"

"Kanga gani?"

"Kanga wa gari. Jana makanga walikuwa wawili."

Utingo mwenyewe alicheka. Mtoto amesikia gari, magari, yai, mayai. Kwa hivyo makanga wakiwa wengi, mmoja wao atakuwa kanga. Hajui kwamba kanga ni ndege, na pia ni leso ya mama!

Kisha kukaja hili: "Mama alinipa vyai viwili," yaani vikombe viwili vya chai. Kwani si tunasema chakula, vyakula, choo, vyoo, chama, vyama? Hakuna mtu aliyewahi kumwambia "vyai". Ameliunda mwenyewe. Hii inaonyesha kwamba mtoto haigi tu kama kasuku, bali anatafuta kanuni na kuitumia hata mahali isipofaa.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka wa 1958 huko Marekani, Jean Berko aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe asiyekuwepo duniani, akampa jina la kubuni, "wug". Alipowaonyesha picha ya viumbe wawili, watoto wengi waliunda wingi wa jina hilo sawasawa, ingawa hawakuwa wamelisikia maishani.

Hata lugha yetu imepitia njia hiyo hiyo. Neno kitabu lilitoka Kiarabu, na huko "ki" si kiambishi cha umoja. Waswahili wakaliona kama kiti na kisu, wakasema vitabu. Madigadi ya gari nayo yalitoka Kiingereza. Watu wakasikia "ma" mwanzoni, wakaamua kuwa moja ni digadi. Basi vitabu na vyai ni ndugu, ila vitabu alipata wa kumkubali.

Tatizo ni sisi wakubwa. Asubuhi moja abiria fulani alimfokea ndugu yangu, "Nyamaza! Ongea Kiswahili ama unyamaze!" Mtoto akanyamaza kweli. Wiki nzima alikuwa ananionyesha vitu kwa kidole tu, hata jina la basi hataji. Safari ikawa ndefu ajabu.

Dawa ni rahisi. Akisema "vyai viwili", usimcheke wala usimkaripie. Mjibu tu, "Kumbe ulikunywa vikombe viwili vya chai!" Atasikia umbo sahihi, na mazungumzo yataendelea. Siku hizi ndugu yangu ameanza tena kuuliza, na vyai vinapungua polepole.

Wenzangu, mambo haya hayako garini peke yake. Ni wangapi kati yetu huinamisha vichwa mwalimu anapoomba mtu asimame atoe hotuba, kwa kuogopa kuchekwa kwa ajili ya ngeli moja? Anayenyamaza hakosei, lakini hajifunzi pia. Tuwaache wadogo waseme, nasi tuseme.

Kiswahili kitukuzwe!