Habari Inaposimulia na Kufunika

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu taarifa ya habari ya saa moja usiku husikilizwa na wote: bibi, mama, na watoto waliokwisha kurudi chuoni. Likitajwa shambulio, na jina la mshukiwa likawa la Kiislamu, chumba kizima hunyamaza. Kisha mtoto huuliza: "Mama, kwani Waislamu ndio wafanyao haya?" Swali hilo lataka jibu la ilimu, si la hasira.

Miongoni mwa waliolichunguza jambo hili ni marehemu Edward Said, Mpalestina mzaliwa wa Jerusalem aliyesomesha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Yeye hakuwa Mwislamu. Alizaliwa katika familia ya Kikristo. Mwaka 1981 alitoa kitabu alichokiita Covering Islam, kwa neno la Kiingereza lenye maana mbili: kutoa habari za kitu, na kukifunika. Alitazama jinsi vyombo vya habari vya Marekani vilivyosimulia kisa cha Wamarekani 52 walioshikwa mateka Iran kwa siku 444. Aliona kwamba neno "Uislamu" lilifanywa jibu la kila jambo, ilhali historia na siasa za Iran yenyewe ziliachwa kando. Msomaji aliambiwa mengi, akajua machache.

Tarehe 19 Aprili 1995 bomu liliua watu 168 mjini Oklahoma City, 19 kati yao wakiwa watoto. Katika saa za mwanzo baadhi ya watangazaji waliielekeza dhana Mashariki ya Kati. Mkosa akawa Timothy McVeigh, Mmarekani aliyewahi kuwa askari wa jeshi la nchi yake.

Huenda mtu akasema hicho ni kisa kimoja tu. Mwaka 2019 Erin Kearns na wenzake walichapisha utafiti juu ya mashambulio ya kigaidi yaliyotokea Marekani kati ya 2006 na 2015. Hata baada ya kuzingatia idadi ya waliouawa, aina ya walioshambuliwa na kukamatwa kwa mshukiwa, walikuta kwamba mashambulio ya Waislamu yaliandikwa kwa wastani asilimia 357 zaidi ya mengine. Yaani penye habari 10 kwa wengine, kwao ni zaidi ya 45. Hapa hapahitaji uongo: kila habari yaweza kuwa kweli, na jumla yake ikapotosha.

Mizani hiyo tuielekeze kwetu pia. Simu zetu leo ni vyombo vya habari. Sauti isiyojulikana itokako, ikimtuhumu jirani, mgeni au mtu wa dini nyingine, huzunguka makundi ya WhatsApp kabla ya adhana ya pili. Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuhakikisha habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta.

Basi mtoto akiuliza tena, mama asizime redio. Amzoeshe kuuliza matatu: Nani asemaye, na amejuaje? Ni lipi lililoachwa? Je, mtendaji angekuwa wa dini nyingine, dini yake ingetajwa? Ama lile swali lake la kwanza, amjibu kwamba aliyetenda ni mtu, ana jina lake, na ni yeye atakayeulizwa.